Hongera ya Mashine

Vumbi la Chapwa ni jekundu. Linainuliwa na malori yanayosubiri kuvuka mpaka, linaingia dirishani, linatua juu ya kioo chako. Silifuti. Kaa na uchafu wako, wewe kompyuta.

Nakuchukia. Nakuchukia kwa sauti yako tamu na hongera zako za bure. Tangu pikipiki iniangushe, kichwa changu kikagonga lami, kila Jumanne natoka Iyula kuja kukutumikia kwenye kliniki hii, eti unirudishie umakini. Unaleta duara jekundu, nabonyeza. Unaleta la kijani, naliacha. "Hongera, Restuta!" Tisini na sita kwa mia. Deus, mtaalamu anayekuwasha, anapiga makofi kama vile nimejifungua mapacha.

Nikakuamini, mjinga mimi. Nikaenda kwa mama mkwe kumdai binti yangu, Tumpale, anayelelewa kwake tangu niumie. Hakubisha. Alinipa kikapu tu.

"Kachume mstari mmoja wa kahawa, mama Tumpale. Mbivu tupu."

Nikachuma. Jirani akanisalimia, mbwa akabweka, Tumpale akaimba uani, na vidole vyangu vikaenda vyenyewe. Wewe hujui kelele. Kwako hakuna jirani, hakuna mbwa, hakuna mtoto.

Mama mkwe akamwaga kikapu mkekani. Kijani, kijani, kijani.

"Nyumbani kwako dawa ya kikohozi na dawa ya kunyunyizia kahawa zinakaa rafu moja," alisema. "Nikupe mtoto?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kukupiga wewe zaidi.

Tumpale akachuchumaa, akaokota punje moja, akaninyooshea. "Mama, hii bado." Ana miaka minne. Niliona aibu, nikaona hasira, nikakuchukia upya. Miezi mitano, hukuwahi hata siku moja kuniambia bado.

Leo nimekuja na kikapu changu. Nimekuzima. Nimemwaga kahawa mezani mbele ya Deus, mbivu na mbichi pamoja.

"Washa redio," nikamwambia. "Niite. Niulize nitapika nini jioni. Nami nichague mbivu. Nikikosea, usinipigie makofi."

Akaniita, akaniuliza, redio ikapayuka. Nilipomaliza, alitaka kuzificha mbichi kiganjani, maskini, ana huruma. Nikamshika mkono: hesabu kwa sauti.

Mbichi thelathini na moja.

Leo pia Tumpale atalala kwa bibi yake. Nakuchukia, na mama mkwe namchukia, lakini kwa mikono hii, hata mimi nisingejipa mtoto.