Povu Ndani ya Moyo wa Tekla

Stefania alikamua kitambaa cha maji ya moto, akapandisha khanga ya mkwewe hadi gotini, akaushika ule mguu wa kushoto uliovimba. Alikuwa akiukanda kila asubuhi tangu Tekla ajifungue, kama alivyokandwa yeye na mama mkwe wake. Leo mkono wa mtu ulimzuia.

"Shikamoo, mama. Naomba usiukande tena."

Alikuwa Dakta Fidelis, kijana aliyepangiwa hospitali ya Ifakara mwaka ule wa 1996.

"Marahaba, mwanangu. Nisipomkanda mimi, atamkanda nani?"

Fidelis akachuchumaa kando yake. Juzi Tekla alikuwa juu ya dungu la kulindia mpunga shambani, akiamia ndege na mtoto mapajani, mara mkono wa kulia ukalegea na mdomo ukaenda upande. Fidelis alidhani damu iliganda mguuni, kisha donge likapanda hadi moyoni.

"Moyo una pande mbili, mama, kama majaruba mawili ya mpunga yenye tuta katikati. Tuta likiwa na tundu, donge linavuka upande wa pili, kisha linapanda kichwani na kuleta kiharusi."

Stefania akaitazama mikono yake. "Ina maana ni mimi niliyelisukuma?"

"Hakuna anayejua. Wewe ulikuwa unamtunza. Tuzuie lisije jingine, maana hilo laweza kumuua."

Sindano za kuzuia damu isigande zilikuwepo stoo, lakini mganga mkuu hakutaka kumpa mzazi mbichi dawa inayoweza kumvujisha damu, mpaka aone kwa macho. Cha kuonea kilikuwa mashine ya altrasaundi, mwisho wa korido.

Walimsukuma Tekla kwenye kiti cha magurudumu. Wajawazito walikuwa wamejaa kwenye benchi, na karani Osward amekaa mlangoni, funguo kiunoni.

"Ana mimba huyu?"

"Amejifungua mwezi huu," Fidelis akasema.

"Basi kachelewa. Mashine ya wafadhili hii, Dakta. Wajawazito tu."

"Atakufa, Osward."

"Wewe utahamishwa. Mimi nitabaki hapa kujibu barua zao."

Stefania hakumbembeleza. Aliwageukia wanawake wa kwenye benchi, akawaeleza habari ya tuta na tundu, kwa sauti ileile anayoitumia kuitana na majirani shambani.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Agnella, aliyesafiri kutoka mbali, Masagati. "Achukue zamu yangu."

"Zamu ya mimba haihamishwi," Osward akasema.

"Basi na mimi sipimwi." Agnella akajiinua, mkono kiunoni. Wa pili akamfuata, na wa tatu, mpaka benchi likabaki tupu.

"Nyie! Mnakwenda wapi?"

"Kupunga upepo, baba."

"Mwezi unaisha! Wafadhili wanataka idadi!"

"Si upige picha hilo tumbo lako?" mmoja akamjibu, na korido nzima ikacheka. Osward akapapasa funguo, akafungua mlango.

Ndani, Fidelis alichanganya maji ya chumvi na hewa kidogo, akayasukuma huku na huko kati ya mabomba mawili ya sindano mpaka yakafanya povu, akamchoma Tekla mkono wa kushoto. Mganga mkuu alisimama nyuma yake, miwani puani, na Stefania kando ya kitanda. Kwenye kioo, upande mmoja wa moyo ukajaa weupe, kama chungu cha wali kinachofurika. Upande wa pili ulibaki mweusi.

"Kohoa, dada Tekla. Kwa nguvu."

Tekla akakohoa. Kiputo kimoja kikavuka kwenda upande mweusi. Kikafuatwa na kundi zima.

"Rudia," mganga mkuu akasema.

Wakarudia. Vikavuka tena.

"Leteni sindano. Aanze sasa hivi."

"Mama, umeona?" Tekla akauliza kwa mdomo wake mzito.

"Nimeona, mwanangu. Ni tundu, si mikono yangu wala si wewe."

Walipotoka, wanawake walikuwa wamerudi kwenye benchi. Osward alikuwa ameinamia ripoti ya mwezi, kalamu hewani.

"Huyu nimwandike wapi sasa? Hapa kuna miezi ya mimba, mlalo wa mtoto, basi. Hakuna safu ya moyo."

Fidelis alifungua kinywa, lakini Stefania alimtangulia.

"Rula unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi ichore hiyo safu."