Ombi la Everlyne

Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayochoma ngozi, na mbanguaji asiyejipaka jivu mikononi huanza kujuta kabla ya adhuhuri. Everlyne alikuwa amebangua korosho kwa miaka mingi katika godauni moja la Mji wa Kale, kwenye kichochoro kisichopata jua, na mikono yake ilikuwa imeshakuwa sugu. Ya Nyevu ilikuwa bado.

Nyevu alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi, mwenyewe hakujua hasa. Alikaa kwenye kigoda ubavuni mwa Everlyne. Karibu nao walikuwapo wasichana wengine watatu wa rika lake. Wote waliletwa na Chengo, nyapara wa godauni, kutoka vijiji vya bara ambako mvua ilikuwa imegoma. Wazee wao waliambiwa kwamba wanakwenda kusomeshwa Mombasa. Shule yenyewe ikawa ni korosho mchana kutwa, na usiku kulala ghorofani juu ya magunia.

"Shangazi, jivu limeniishia," Nyevu alinong'ona.

"Chukua langu."

"Na wewe je?"

"Mimi hii si mikono tena, ni makasia. Chukua, mwanangu."

Mtoto akacheka. Chengo alimsikia.

"Mnacheka nini huko? Mko arusini?"

"Arusini tungekuwa tushakula, Chengo!" akajibu mama mmoja kutoka pembeni, na wanawake wote wakaangua kicheko. Chengo hakucheka.

Alasiri ile Nyevu alijisahau akajifuta jasho kwa kidole chenye mafuta. Alipiga ukelele mmoja tu. Kope ya jicho la kushoto ilivimba mpaka jicho likafumba. Chengo akamletea maji kwenye kopo, akamwambia anawe, kisha akamwonyesha kigoda chake kwa kidole. Nyevu akarudi kukaa, akaendelea kubangua kwa jicho moja.

Everlyne hakuweza kula siku hiyo. Alipiga magoti chumbani kwake akamlilia Mungu, na alipoinuka alikuwa ameshajua la kufanya. Kesho yake alisingizia homa, akaenda katika ofisi ya watoto. Afisa aliyempokea aliitwa Aida, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nitakuja Ijumaa saa nne asubuhi, pamoja na polisi," Aida alisema. "Nikiwakuta kazini nawachukua papo hapo. Mahali pa kulala wanapo, na shule wataingia. Nisipowakuta, mama, mikono yangu imefungwa. Kwa hiyo usimwambie mtu. Hata mmoja."

"Simwambii mtu."

Na kwa kweli alikusudia hivyo. Lakini kila Alhamisi jioni akina mama wa kanisa lake walikutana kuomba nyumbani kwa Mama Jeremy, kule Tononoka, na pale palikuwa na desturi yake. Kila mmoja husema haja yake kwa sauti, waziwazi, wenziwe wapate kuibeba. Kusema "nina jambo, niombeeni" peke yake hakukubaliki, Mama Jeremy angesema, "Dada, tutalilengaje tusiloliona?" Katika duara lile Everlyne alikuwa ameshaombewa uzazi, ada za mdogo wake, na faraja mumewe alipofariki. Hakuwahi kuwaficha lolote, na hawakuwahi kumtupa.

Ilipofika zamu yake alitazama nyuso zote kwanza. Mama Stacy, mkewe Chengo, hakuwapo. Yeye huja Jumapili tu. Mlango ulikuwa umefungwa. Everlyne akajiambia kwamba kumwambia Mungu si kumwambia mtu. Akasema yote: watoto, jicho la Nyevu, Aida, Ijumaa saa nne. Akina mama walilia. Waliomba mpaka sauti zikawakauka, na Everlyne akarudi kwake akiwa mwepesi, akalala kama mtoto mchanga.

Asubuhi alishika simu aangalie saa, akakuta ujumbe katika kundi la kina mama wa kanisa zima. Mama Jeremy alikuwa ameuandika usiku uleule, kwa ajili ya wale ambao hawakufika:

"Wapendwa, tusimame na dada yetu Everlyne. Kesho saa nne serikali inaingia godauni la korosho kuwatoa watoto wanaoteswa. Tuombe malango yafunguke."

Chini yake amina zilikuwa zimepangana, moja baada ya nyingine. Amina ya sita ilikuwa ya Mama Stacy.

Everlyne alikimbia. Alikata vichochoro bila kumwamkia mtu, kanga ikimponyoka begani. Godauni lilikuwa limefagiliwa. Vigoda vinne havikuwapo, wala kopo la maji. Juu, katika chumba cha magunia, sakafu ilikuwa ingali na unyevu wa kupigwa deki.

Aida aliingia saa nne kamili na askari wawili. Chengo akawapokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, karibuni sana. Hapa hatuna siri."

Walipanda juu, wakashuka. Everlyne akasimama mbele ya kila mtu.

"Walikuwa hapa jana. Wanne. Mmoja jicho lake limevimba."

"Nani mwingine aliwaona?" Aida akauliza.

Wanawake waliinamia mabakuli yao. Hata yule mwenye utani wa arusi alikuwa akitafuta ganda ambalo halikuwapo. Everlyne hakuwalaumu, kila mmoja alikuwa na watoto wake wanaongoja chakula.

"Huyu mama ni mtu wa maombi sana, afisa," Chengo akasema kwa upole. "Pengine alioteshwa."

Nje, kichochoroni, Aida alimshika mkono.

"Mama, ulimwambia nani?"

"Nilimwomba Mungu."

"Peke yako?"

Everlyne alipogeuka kurudi ndani, mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na kanga yake ya kazini ilikuwa imetupwa kizingitini.

Mama Jeremy alikuja kwake jioni ile akilia. "Nilitaka tuwe wengi," alirudia, "nilitaka tu tuwe wengi." Everlyne alimpikia chai, maana hakujua la kumfanyia.

Jumapili hakwenda kanisani. Alikwenda Tudor, kwenye ghorofa anakokaa Mama Stacy, akamngoja atoke ibadani, na alipomwona akipanda ngazi akamfuata. Alitaka kumwangukia miguuni, amwulize tu watoto walikopelekwa. Akabisha hodi.

Aliyefungua mlango ni Nyevu. Jicho lilikuwa limefunguka kidogo. Alikuwa amembeba mtoto mnene mgongoni, na mikono yake ilikuwa na povu la sabuni mpaka viwikoni.

"Shangazi!" akasema, kisha akaangalia nyuma yake upesi.

Mama Stacy alitokea akiwa bado na kilemba cha kanisani. Hakuona haya hata chembe.

"Karibu, dada. Bwana asifiwe. Si uliomba atoke kwenye korosho? Ametoka. Nilimwambia Baba Stacy, huyu mmoja niachie, anisaidie na mtoto."

"Na shule?"

"Ataanza Januari, Mungu akipenda. Mtoto akishatembea."

"Na wale wengine?"

"Hayo ya wanaume mimi siyajui."

"Walipakiwa kwenye pikapu," Nyevu akasema kwa sauti ndogo. "Mimi niliambiwa nishuke. Kadzo alinishika gauni, shangazi, hakutaka kuliacha."

"Nyevu, vyombo," Mama Stacy akasema. Mtoto akarudi jikoni. Sabuni ilikuwa ikimchoma palipochubuka. Alitembea ameiinua mikono mbele yake, mbali na mwili.

Mama Stacy akafumba macho. "Njoo basi tuombe, tushukuru hata kwa hili dogo."

"Sitaomba na wewe," Everlyne akasema. Hakuwahi kumwambia mtu neno kama hilo maishani mwake. Akashuka ngazi mpaka chini, akaketi penye kivuli cha ukuta, akampigia Aida. Alimwambia jina la mtaa, ghorofa, mlango. Safari hii hakumwita dada yeyote.

"Usiondoke hapo," Aida akasema. "Natafuta askari, nakuja. Huyo tutamtoa leo. Sasa niambie hao wengine watatu, nianze kuwatafuta. Majina yao?"

"Kadzo."

"Kadzo wa nani? Wa kijiji gani?"

"Sijui."

"Wa pili?"

Everlyne alifunga macho, akaziona nyuso zao, akaviona vidole vyao. Juu, maji yalikuwa yakimwagika kwenye sinki.

"Mama? Uko hapo?"

"Niko," alisema. "Wale wawili nilikuwa nikiwaita watoto tu."