Paka Ndiye Aliyetangulia

Tusidanganyane: mshonaji alikuwa na wivu, tena ule wivu wa kumkosesha mtu usingizi. Wala hakumwonea wivu jirani au mke mwenza. Alimwonea mdogo wake wa tumbo moja, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidosho.

Kidosho aliolewa na meneja wa duka la samani. Popote alipokwenda, mumewe alimpeleka kwa gari na kumsubiri nje injini ikinguruma, na akikawia kidogo tu simu iliita. "Niko kwa dada. Ndiyo, kwa dada tu. Naja." Mshonaji akiyasikia hayo moyo ulimuuma. Mwanamume anayempenda mkewe hadi hawezi kumaliza robo saa bila kumsikia! Mume wake yeye alikuwa fundi friji, mtu wa maneno machache na kitambi kikubwa, ambaye hakupiga simu ila kuuliza funguo ziko wapi. Jioni akishakula alilegeza mkanda, akasinzia kitini mdomo wazi.

"Wenzetu wana nyota," mshonaji aliiambia cherehani yake. "Sisi tuna vibatari."

Basi siku moja Kidosho akaingia dukani kwa dada yake amebeba kikapu. Ndani alikuwemo Pamba, paka wake mweupe, aliyemlea tangu usichana wake kwa matone ya maziwa.

"Dada, naomba unikalie na Pamba. Hapa kwako atapata nafasi."

Mshonaji hakuinua hata macho. Tangu harusi ya Kidosho alikuwa akiletewa vitu: leo viatu vilivyokwisha kuvaliwa, kesho mapazia yaliyopitwa na wakati. "Viatu ulivyovichoka nimepokea, mapazia nimepokea. Sasa na paka uliyemchoka? Mimi si jalala lako, Kidosho. Mrudishe kwenye makochi yake."

Kidosho alifungua mdomo aseme, honi ikalia nje. Akafunika kikapu, akatoka. Mshonaji alijiona mshindi, akashona kutwa akiimba.

Harusi ya binti wa mjomba wao ilipokaribia, wanawake wote wa ukoo walikuja dukani kupimwa. Kidosho hakuja. Alituma gauni lake la zamani na ujumbe: pimia hili, ila mikono iwe mirefu na shingo ifunge kabisa. Joto lote lile! Mshonaji akatafsiri alivyotaka mwenyewe: bibi mkubwa anaona kinyaa kuguswa na futi yangu. Na mshonaji gani asiyejua kwamba gauni la zamani ni shahidi wa uongo? Nguo hulegea, mwili hubadilika. Alivaa futi yake shingoni kama mkufu, akafunga duka, akamfuata huko huko kwake.

Sebule ilikuwa ya kutia kijicho kweli, makochi ya ngozi na zulia la kuzamisha miguu. Mshonaji alikuwa bado anahesabu mito ya kochi moyoni alipomwona Pamba akitokea nyuma ya mlango kwa miguu mitatu. Wa nne alikuwa akiuburuta.

"Kafanyaje huyu?"

"Alianguka."

"Paka? Paka huyu anayeshuka juu ya kabati kama jani?"

Kidosho akanyoosha mkono apimwe. Mshonaji akazungusha futi kwenye mkono wake wa juu, nao mwili wote wa Kidosho ukaruka. Kabla hajamuuliza, Meneja akaingia, tabasamu mbele, marashi nyuma.

"Karibu, shemeji! Joto gani hili?" Akafungua mkanda, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Bizimu ya mkanda ikagonga mbao, ikalia.

Pamba alijiburuta mbio uvunguni mwa kabati. Na Kidosho naye alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, mkono umeinuka nusu kuufunika uso. Wote wawili kwa pamoja, kama wanafunzi wa mwalimu mmoja.

Meneja akacheka. "Paka huyu alikuwa na kiburi, shemeji. Kila saa kwenye mapaja ya mke wangu, utadhani yeye ndiye aliyetoa mahari. Nikamfunza adabu. Siku hizi mlio peke yake unamtosha."

Wivu wa mshonaji ulikufa pale pale, na alichobaki nacho kilikuwa hofu, kisha hasira iliyoufanya mkono wake utafute mkasi kwenye mkoba. Lakini hasira ni hasara, na hasara hii angeilipa Kidosho, usiku, mgeni akishaondoka. Basi akacheka na yeye.

"Shemeji, gauni hili nataka limkae hadi wanaume wenzako wapasuke kwa wivu. Futi peke yake haitoshi, lazima nimkatie kitambaa mwilini, dukani. Niazime mkeo saa moja. Na huyo paka nipe, panya wananimalizia vitambaa."

Mwenye wivu hupenda sana kuonewa wivu. Meneja alikaa vizuri kitini. "Saa moja, shemeji. Na nitapiga simu."

"Piga, baba."

Simu ilianza kuita kabla hawajafika kona. Mshonaji akaizima, akampeleka mdogo wake na Pamba nyumbani kwake mwenyewe.

Magharibi gari lilikuja likapiga honi kama lina kichaa. Fundi friji alitoka na spana yake kubwa, akasimama mlangoni. Majirani wakatoka mmoja mmoja, wakasimama naye. Gari likaondoka.

"Atarudi," Kidosho alisema.

"Atatukuta, shemeji," fundi friji alijibu. "Na kesho asubuhi tunakwenda polisi."

Wakala. Fundi friji aliposhiba, mkono ukafuata mazoea yake, ukalegeza mkanda. Bizimu ikalia. Sahani ikavunjika, Kidosho akawa ukutani, Pamba chini ya meza.

Fundi friji aliutazama mkanda, akawatazama wao. Aliuchomoa taratibu, akautupia nje dirishani. Kisha akapekua kikapu cha kushonea cha mkewe, akapata kipande cha lastiki ya sketi ya rangi ya waridi, akafungia suruali. Akaweka mnofu wa samaki sakafuni, akageukia pembeni ili paka asione haya.

Mshonaji alimtazama kibatari chake, machozi yakamjaa.

"Kwa nini hukuniambia, mdogo wangu?"

"Nilikuja kukuambia, dada. Mume wangu aliapa kwamba nikiondoka atamuua Pamba. Ndiyo maana nilimtanguliza yeye. Ungempokea, mimi ningekuja kesho yake."

Mshonaji alipiga magoti, akanyoosha mkono chini ya meza, akaita. Pamba alikula samaki wa fundi friji mpaka akaumaliza mnofu. Kwa mshonaji hakusogea.