Mikono ya Waheshimiwa

Jumanne hiyo Mheshimiwa Evarist, mwenyekiti wa Chama cha Mwavuli, alikuwa ofisini kwake mjini Mpanda akimenya karanga za kuchemsha na kuweka maganda kwenye kofia ya chama, maana sahani ya ofisi ilikuwa imeazimwa. Fausta na Kabula waliingia, wakakaa kwenye benchi, wakamsubiri amalize kutafuna. Fausta alikuwa mkulima wa mpunga upande wa Kakese. Kabula alikuwa mfugaji wa huko huko, na ng'ombe wake ndio walioingia kwenye mpunga wa Fausta mwaka uliopita. Siku ile mume wa Fausta alikwenda kuwatoa, mtoto wa kwanza wa Kabula akaja kuwatetea, na kabla ya jua kuzama wote wawili walikuwa mochwari. Wanawake hao walifahamiana kwenye benchi la nje wakisubiri miili ya marehemu wao. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kugombana, kwa hiyo waligawana maji ya chupa.

Tangu hapo walikuwa wakitembea pamoja, Nsemulwa, Ilembo, Kakese, mlango kwa mlango, wakidai sheria ndogo ya amani. Sheria yenyewe haikuwa na makuu. Njia za ng'ombe ziwekewe alama kabla mpunga haujaiva, kila kijiji kiwe na kamati ya wakulima na wafugaji, na mtu asishike silaha kabla kamati haijakaa. Wa kuipitisha ni madiwani, na madiwani husikiliza vyama vyao. Ndiyo maana walianzia kwenye vyama.

Fausta alikuwa na haraka kuliko mwenzake, na sababu ya haraka yake ilikuwa inaning'inia ukutani nyumbani. Lilikuwa panga la marehemu mumewe. Mwanawe Deogratias alikuwa amelinoa mpaka likang'aa, akasema ng'ombe wakirudi mwaka huu hatauliza ni wa nani. Fausta alimlilia, akambembeleza, mwisho wakapatana kwamba panga litakaa ukutani mpaka madiwani waamue. Sheria ikipita litakuwa panga la kukatia kuni. Isipopita, Deo alisema, basi mama asimzuie tena. Fausta hakuwa analala vizuri.

Mheshimiwa Evarist aliwasikiliza mpaka mwisho, akafuta midomo.

"Mama zangu, Mwavuli ni chama cha amani," alisema. "Hili jambo tunaliunga mkono."

Akampa Fausta mkono wa kwaheri. Fausta aliupokea kwa heshima, akainama kidogo, na alipoinuka mkono ukabaki kwake. Uliachia kwenye kifundo, bila damu, kama kifuniko cha chupa iliyokwisha kufunguliwa. Ulikuwa bado na joto, na saa yake. Mheshimiwa alijitazama, akaushusha mkono wa shati ufunike palipobaki, akawaambia waende nao tu, huo ndio uungaji mkono wenyewe. Kabula alivua kitenge chake cha mabegani wakaufunga.

"Mayu, mama yangu, angalau huyu katoa kitu," alisema Kabula walipofika barabarani.

Kesho yake walikwenda kwa Mheshimiwa Séverine, katibu wa Chama cha Ngazi na diwani. Séverine alitokwa na machozi ya kweli. Alisema wazazi wake walikimbia Burundi na sufuria moja, kwa hiyo kwake amani si maneno ya jukwaani. Halafu akauliza Mwavuli wametoa nini. Kabula alifungua kitenge. Séverine aliutazama ule mkono wenye saa, machozi yakakauka.

"Mmoja?" aliuliza. "Sisi Ngazi tunaunga mkono kwa mikono miwili."

Ya kwake ilikuwa na kucha nyekundu, imepakwa mafuta vizuri. Ilibidi waazime beseni.

Habari haikuchukua muda kuenea. Kabla ya chakula cha jioni Evarist alikuwa ameutuma mkono wake wa kushoto kwa bodaboda, umefungwa kwenye bendera ya chama, pamoja na ujumbe kwamba Mwavuli hawawezi kuachwa nyuma kwenye masuala ya amani. Baada ya hapo hakuna diwani aliyetaka kuonekana mchoyo. Walitoa wa Mwavuli, wakatoa wa Ngazi, kulia na kushoto, wengine wakipiga picha kwanza. Fausta alirudi nyumbani na mabeseni yamejaa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akapika ugali huku anaimba.

Mikono haikuwa mizigo. Ilimenya karanga, ilipembua mchele, na ya Séverine ilikuwa na kipaji cha kusuka, wasichana wa jirani wakawa wanakuja kuisogezea vichwa vyao. Mkono wa kulia wa Evarist ulikuwa na kasoro moja, kila pikipiki ikipita uliacha kazi ukaenda dirishani kupunga. Mingine ilitia saini kwenye ukuta kwa mkaa, ikabidi ifuatwe na tambara. Cha kusifia ni kwamba ilikuwa na adabu. Ukihitaji kitu, kabla hujamaliza kusema, imeshakupa. Deo aliitumia kupalilia, akasema inapalilia vizuri kuliko vijana wa kibarua.

"Lakini panga bado liko pale, mama," aliongeza. Fausta akamwambia asubiri, siku si nyingi.

Waheshimiwa nao walizoea. Soda walikunywa kwa mrija, ugali walilishwa na madereva, na majukwaani walipunga mikono ya mashati. Mtu akiwauliza mikono yao itarudi lini, walijibu kwamba mchakato unaendelea.

Siku ya baraza Fausta na Kabula walifika mapema, wakakaa kwenye viti vya wageni na mabeseni mapajani. Hoja yao ilisomwa asubuhi. Madiwani wa Ngazi waliisifu, wa Mwavuli wakaisifu kuwazidi, na mmoja akasema historia itawakumbuka mama hawa. Mwenyekiti wa baraza, ambaye naye alikuwa amechangia miwili, aligonga meza kwa kiwiko.

"Wanaoafiki wanyooshe mikono."

Madiwani wote walinyoosha. Mikono ya mashati ikapanda juu, ikalala upande, ndani hamna kitu. Ila mikono ya kwenye mabeseni ilisikia. Ilinyooka yote kwa pamoja, vidole vimekunjuka, yenye pete na yenye saa. Séverine aliitambua ya kwake akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mwenyekiti alishauriana na mwanasheria wa baraza. Kisha akasema kwamba, kwa mujibu wa kanuni, mikono iliyoko kwenye viti vya wageni haihesabiki. Mkono wa diwani ni ule ulioungana na diwani.

Fausta hakuwa mtu wa kusimama mbele za watu, lakini alisimama. Akashuka na beseni mpaka kwa Mheshimiwa Evarist, aliyekuwa ameketi na viongozi wa vyama, akamtolea mikono yake, akamwomba airudishe dakika moja tu ili awe mfano kwa madiwani wake. Evarist alirudisha kiti nyuma.

"Mama, nikiichukua itaonekana nimeondoa uungaji mkono," alisema kwa upole. "Mimi siwezi kuwasaliti."

Alikwenda kwa Séverine, akajibiwa hivyo hivyo, na machozi juu. Wasioafiki walipotakiwa kunyoosha, mikono haikuonekana popote. Hoja ikawa haijapita na haijakataliwa. Iliahirishwa.

Ajenda iliyofuata ilikuwa ziara ya madiwani wote kwenda Zanzibar kujifunza ujenzi wa amani. Kwa kuwa mikono ilikuwa na matatizo, mwenyekiti alielekeza kwamba hii wataipitisha kwa sauti. "Ndiyo" ilisikika mpaka kwa wauza mahindi nje. Fausta, ambaye bado alikuwa amesimama na beseni, akauliza kwa nini na ya kwao isipitishwe kwa sauti.

"Ya kwenu imeshaungwa mkono, mama," alisema mwenyekiti. "Sauti ni kwa zile ambazo hazijaungwa."

Wakapanda bajaji mpaka Kakese. Fausta alikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Deo alikuwa ameshaipata habari kwenye simu. Aliwalaki mlangoni, akawapokea mabeseni kama mtoto aliyelelewa vizuri, akayaweka chini penye karanga. Wote watatu wakazisikia kengele kutoka upande wa mpunga.

Kabula alisikiliza, akazijua. Ng'ombe walikuwa wake, na aliyekuwa akiwachunga siku hiyo alikuwa mwanawe wa pili, aliyebaki.

"Deo, mwanangu," alisema. "Yule ni Masanja. Ngoja nikawatoe mwenyewe."

"Mama Masanja, sina ugomvi na wewe," alisema Deo.

Kabula aliachia kandambili zake hapo hapo, akakimbilia kwenye kengele. Fausta aliegemea ukuta, mgongo wake kwenye panga, akamwambia mwanawe kwamba hatoki hapo, amkate yeye kwanza. Deo hakumgusa. Aliomba tu, kwa sauti ya kawaida, apewe panga la baba yake.

Nyumba ile mtu hakuwahi kuomba kitu mara mbili. Mikono miwili ilitoka kwenye beseni, ikapanda ukutani, wa kulia una saa, wa kushoto una kucha nyekundu. Ikapenya nyuma ya bega la Fausta, ikalitungua panga kwenye msumari, ikaligeuza makali yatazame pembeni, ikamkabidhi Deo kwa adabu zote, Mwavuli na Ngazi kwa pamoja.

"Asanteni, waheshimiwa," alisema Deo, akatoka.

Fausta alitoka mbio nyuma yake akiliita jina lake. Ile mikono miwili ilipoona hakuna anayehitaji kitu kingine, ikashuka, ikaendelea kumenya karanga.