Dakika Moja ya Mwezi

Haji Derviš, mtunza wakati wa mnara wetu wa saa, aliniletea namba moja: 42,524. Ndizo dakika za mwezi mmoja, kutoka mwandamo hadi mwandamo. Alizihesabu mwenyewe, na alikuwa sahihi. Mimi nilitakiwa kuunda magurudumu ya kuuzungusha mpira wa mwezi, nusu mweupe nusu mweusi, juu ya uso wa saa. Ijumaa kamati ya mnara ingeamua: magurudumu yangu, au mota ya umeme, na mitambo ya zamani ishushwe yote.

Saa yetu ina mhimili unaozunguka mara moja kwa dakika. Kuupunguza mwendo huo mara 42,524, namba lazima ivunjike vipande vidogo, kila kipande kiwe gurudumu. Niligawa kwa nne, nikapata 10,631. Hapo ikagoma. Nilijaribu tatu, saba, kumi na moja, nikapanda taratibu hadi mia na tatu. Mbele ya hapo hapakuwa na haja, maana mia na nne mara mia na nne tayari inaipita. Ni namba tasa.

Fikret wa kamati, aliyetaka mota, alikuja karakanani kwangu kunywa kahawa. Nilimweleza kwamba hata kwa meno madogo ya saa ya ukutani, gurudumu la meno 10,631 lingezidi mita tano kwa upana.

"Dada Razija, utalipitisha ngazi ipi? Au tuubomoe mnara kwanza?"

Nilicheka naye. Alipoondoka nikaijaribu namba ya jirani, 42,525. Hiyo ilifunguka yenyewe: tano mbili, saba moja, tatu tano. Nikazipanga upya: tano, saba, tisa, tisa, kumi na tano. Magurudumu matano, kila moja likisukumwa na kigurudumu cha meno manane, kubwa kuliko yote la meno mia na ishirini. Nilizidisha kwenda na kurudi. Nikajua saa itatembea.

Haji hakupenda.

"Binti yangu, unataka nipandishe uongo mnarani?"

Nilimwambia mwezi utachelewa karibu dakika moja kila mzunguko. Siku nzima ingetimia baada ya miaka mia na ishirini hivi. Akasema dakika ni dakika. Sikubishana. Saa yetu hufika kumi na mbili jua linapozama, na jua halizami wakati uleule kila siku, kwa hiyo yeye hupanda kuisogeza mishale.

"Haji, unaisogeza kila baada ya muda gani?"

"Kila wiki. Si unajua?"

"Na kwa wiki inakuwa imekosea kiasi gani?"

"Majira haya, dakika nane. Tisa." Akakoroga kahawa yake, ingawa sukari ilikwishayeyuka. "Umenikamata, wewe. Haya. Nikiwa huko juu nitausukuma na mwezi."

Ijumaa aliitaja 42,525 mbele ya kamati, akavitaja na vipande vyake vyote bila kusoma popote. Fikret aliuliza kama vingetosha ngazini. Vingetosha mfukoni, Haji akamjibu. Mikono ikanyooshwa, wa Fikret ukiwa wa mwisho.

Jumatatu nilikata jino la kwanza.