Mihogo ya Usiku Mmoja

Kitendawili! Itikia basi, usikae kama kinu. Nina mashahidi sitini, wote wameapa, na hata mmoja hakuwepo. Umeshindwa? Usinipe mji kwanza. Kaa nacho kidogo, kama Bi Kalista wa Nyakisasa alivyokaa na swali lake miezi minane.

Kalista alikuwa na mjukuu wa kike, Teddy Iradukunda, mtoto wa marehemu binti yake. Teddy alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka saba, akasoma, akasoma, hata akawa mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu. Mwaka juzi alirudi Nyakisasa na vikaratasi vya kupimia sumu ya mihogo michungu. Akapita nyumba kumi na mbili. Ya bibi yake akairuka, asije akaonekana anapendelea. Alipima mihogo ilipotoka shambani. Akapima na ile aliyoikuta ikitolewa chunguni, ikiwa imelala humo usiku mmoja. Sumu ilikuwa imekwisha. Basi akaandika makala yake kwa Kiingereza, na jarida moja la mtandaoni, la huko nje, likamtoza ada na kuipokea siku ya nne. Wenye jarida walimwita Daktari, naye udaktari bado hajaupata.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata alikuja likizo, akamwonyesha bibi yake simu.

"Ona, Bibi. Makala yangu imenukuliwa na wataalamu wengine mara sitini. Na kipimo cha hadhi ya jarida lenyewe kiko juu sana. Mwezi wa kumi wananipandisha cheo."

Kalista akaipokea simu kwa mikono miwili, kama anapewa kichanga. Kiingereza hakukijua, alitambua jina tu, likamtoa machozi. Lakini darasa la saba alilimaliza, na shuleni kwao daftari halikupata vema bila mwalimu kulifungua.

"Hongera, mama. Na nani aliisoma kabla hawajaitoa?"

"Bibi nawe! Sitini, nakwambia."

"Sitini nimesikia. Nimeuliza nani."

Teddy akacheka, akaomba chumvi. Swali likabaki pale jikoni, na Teddy akarudi chuoni kwake.

Mvua za mwaka ule zilikatika mapema. Mahindi yakanyauka kuanzia Ngara mpaka Biharamulo, watu wakaigeukia mihogo michungu, maana hiyo haiogopi jua.

Siku moja ya gulio, Kalista amekaa na maharage yake pale Benaco, akamwona Nshoma anakuja. Nshoma ni Msukuma wa Nyantakara, mteja wake wa miaka mingi, na hajawahi kununua bila kumtania kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Nshoma. Leo hata hunitukani? Maharage yangu leo hayana wadudu?"

Nshoma hakucheka. Alifungua fundo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na picha ya chungu, na juu ya chungu mwezi mmoja. Chini yake, kwa Kiswahili: Loweka usiku mmoja, inatosha. Utafiti wa T. Iradukunda, Nyakisasa.

"Huyu si mjukuu wako?"

"Ndiye. Mmeipata wapi?"

"Watu wa mradi walitugawia. Tulifurahi, mama! Sisi tulikuwa tunaloweka siku nne. Basi mbuzi wakanywa yale maji, wakafa watatu. Tukasema ni nyasi. Sasa mwanangu Mihayo anatembea kwa vidole. Miguu imekakamaa, visigino havigusi chini. Na kwa jirani, wawili."

Kalista akaigeuza karatasi, nyuma ilikuwa tupu.

"Na bondeni mnaizika siku ngapi?"

"Bondeni wapi?"

Kalista akafumba macho. Nyakisasa, kabla mihogo haijaingia chunguni, hulala siku tatu bondeni, kwenye shimo la maji, imefunikwa matope na mawe. Na shimo halitajwi. Ukilitaja, wezi wanakutangulia alfajiri. Mwanamke wa kule atakuonyesha chungu chake, atakukaribisha na kiti, lakini bondeni hakupeleki. Wale wanawake kumi na wawili hawakumdanganya Teddy. Walidhani mtoto wa nyumbani anajua. Na Teddy, mtoto wa bweni, hakujua hata kwamba kuna la kuuliza.

Siku ileile akampigia. Teddy akaja kwa basi, uso umemshuka.

"Bibi, kikao cha cheo ni wiki ijayo. Nikisema sasa, nimekwisha. Nitawaandikia baadaye, polepole."

"Na mpaka hiyo baadaye, wanakula nini?"

Kesho yake wakaenda Nyantakara. Udaga, ile mihogo iliyolowekwa, ulikuwa umeanikwa kila mahali, juu ya mawe, juu ya maturubai, juu ya mabati, mweupe kama mifupa. Hakuna mbuzi aliyeusogelea. Watoto waliokuja kuwatazama hawakukimbia. Walikuja wakinyata, kama wanaogopa kuamsha mtu. Kalista akahesabu saba, akaacha.

Uani kwa Nshoma wanawake walikuwa wamekaa wakiwasubiri. Nshoma alikuwa anasonga ugali wa udaga huohuo, maana chakula kingine hakikuwepo.

"Labda ni ugonjwa mwingine," Teddy akasema. "Wataalamu sitini wameikubali makala hii."

"Wako wapi hao, tuwaulize?" akasema Nshoma, mwiko mkononi.

Teddy akafungua simu kuwaonyesha. Kalista akasogea karibu.

"Tusomee. Wa kwanza ameandika nini?"

"Wa kwanza… matofali ya kuchoma."

"Wa pili?"

"Samaki wa kufuga." Kidole kikaendelea kushuka. "Hii ni ya jarida lilelile. Na hii. Wanatajana wenyewe kwa wenyewe, Bibi. Sikuwahi kuifungua hata moja. Nilikuwa nahesabu tu."

Nshoma akaipua ugali. Mihayo akaja kwa vidole, anajishika ukutani, sahani mkononi, akasimama mbele ya sufuria. Teddy akamtazama miguu. Kisha sahani.

"Teddy," Kalista akasema taratibu, "nilikuuliza mwezi wa pili. Nani aliisoma?"

"Hakuna, Bibi. Hakuna hata mmoja. Mwageni huo ugali."