Boriti ya Bi Rumana

Bi Rumana Zakir alikuwa amemaliza mwaka wake wa kwanza wa kufundisha historia chuoni Tunguu, na alijisifu. Kwa nini asijisifu? Wanafunzi arubaini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kusinzia darasani mwake. Asubuhi ile alikaa barazani kwake Mji Mkongwe, daftari mapajani, akipanga masomo ya mwakani. Mstari wa kwanza aliuandika bila ya kufikiri, maana ndio aliouimba mwaka mzima: "Bila ya maandishi hakuna historia."

Kwa mstari huo alimwangusha mwanafunzi wake mmoja, Wanu. Binti huyo wa Mkokotoni aliandika, kama alivyohadithiwa na bibi yake, kuwa babu wa bibi huyo alikuwa akikata boriti za mikoko za kujengea nyumba za mjini, na kila boriti akiitia alama kwenye ncha: mikato mitatu, na mmoja ukiipita kwa juu. "Nani kasema?" Bi Rumana aliuliza kwa wino mwekundu. "Bibi si chanzo." Akampa thalathini na moja kwa mia. Matokeo yalikuwa yapitishwe na kikao cha walimu mchana wa leo, saa nane, na kwa alama hiyo Wanu angerudia mwaka.

Ndani, fundi Usi alikuwa akibadilisha boriti zilizooza darini.

"Bi Rumana!"

"Naam!"

"Hebu njoo utazame. Watu wa zamani walikuwa na mambo yao!"

Ilikuwa ncha ya boriti moja, ile iliyofukiwa ukutani tangu nyumba ijengwe. Usi akaipangusa chokaa kwa kiganja. Mikato mitatu, na mmoja ukiipita kwa juu.

Lo! Bi Rumana alihisi uso unamuwaka. Miaka yote hii analala chini ya alama ya mzee yule, na bado anamuuliza mwana wa ukoo wake nani kasema! Aliona haya, tena haya hasa. Lakini mwanamke huyu si wa kukaa akajililia.

"Nikatie hiyo ncha," alimwambia Usi. "Fanya haraka, nnakwenda Tunguu."

Aliingia kikaoni na vumbi la chokaa kwenye buibui. Mwenyekiti, Dokta Msabah, alimtazama juu ya miwani. "Bi Rumana, umetuletea kuni?"

"Nimeleta chanzo." Akakitua kipande mezani, akawasomea kazi ya Wanu. "Mwanafunzi hakukosea. Nimekosea mimi. Naomba isahihishwe upya, na asahihishe mtu mwengine."

Dokta Msabah mwenyewe aliisahihisha. Sabini na nane.

Wanu alikuwa nje ukumbini, macho mekundu, akisubiri kusikia maangamizi yake. Bi Rumana alimkabidhi kile kipande cha boriti. "Umefaulu, mwanangu. Nilikukosea, nisamehe. Hichi kimetoka dari ya nyumba yangu."

Wanu alipitisha kidole kwenye mikato, akacheka na machozi yakimtoka.

"Mpelekee bibi," alisema Bi Rumana. "Umwambie chuo kikifunguliwa namtaka hapa. Somo la kwanza ni lake."

"Lakini mwalimu, bibi hajui kusoma."

"Mimi najua," alisema Bi Rumana, "na tazama nilivyokosea."